AKIBA HUANZIA JIKONI

Yafuatayo ni mazungumzo aliyoyatoa Afisa Habari wa Wizara mbele ya wafanyakazi wa Serikali na wakaazi, kuhusu matumizi ya hadhari majumbani na kuvitumia tena vitu vikuukuu.





Sikuja kufundisha uchumi, kwani elimu hiyo ina wenyewe. Nimekuja kuzungumza juu ya jiko, mtungi, kanga na kibubu, mambo ambayo kila mmoja wetu anayo nyumbani kwake, na ambayo aghalabu ndimo fedha zetu zinamopotelea bila ya sisi kujua.

Naanza na kisa changu mwenyewe, ingawa hakinipi sifa. Miaka kadhaa iliyopita, tarehe 19 ya mwezi, mwanangu alishikwa na homa kali usiku wa manane. Nilitia mkono mfukoni, nikatazama kabatini, nikainua hata godoro; nyumba nzima haikuwa na fedha za kukodi gari ya kumfikisha hospitali. Nikenda kubisha hodi kwa jirani yangu, bibi mtu mzima ambaye kazi yake ni kusokota kamba za usumba. Hakuniuliza neno. Aliingia ndani, nikasikia mlio wa kibubu kikivunjwa, akatoka na fedha zote zilizokuwamo akazimimina viganjani mwangu. Mtoto alitibiwa na akapona, alhamdulillahi. Lakini njiani nilijiuliza: mimi ndiye mwenye mshahara, au ni yeye?

Nilipomrejeshea deni lake nilimpelekea na kibubu kipya, badala ya kile alichokivunja kwa ajili yangu. Alizipokea fedha, kibubu akanirudishia. Akanambia, “Hiki mwanangu kaa nacho wewe. Mimi nitanunua changu.”

Ndugu wananchi, tangu siku hiyo nimeifahamu tafauti iliyopo baina ya mtu kuwa na pato na mtu kuwa na akiba. Pato hupewi kwa kupenda kwako, bali akiba ni amri yako mwenyewe. Na kabla sijaendelea, napenda kuondoa dhana moja. Kubana matumizi si ubahili. Bahili ni yule anayewanyima watu wake haki zao, na mwenye israfu ni yule anayemwaga kisichohitajiwa. Dini na mila zetu zimeyakataza yote mawili, na zimetuelekeza katika njia ya kati na kati.

Jambo la kwanza lililonisaidia lilikuwa ni daftari. Mimi na mke wangu tulikubaliana kuandika kila kinachotoka kwa muda wa mwezi mmoja, bila ya kufichana. Mwisho wa mwezi tuliona haya. Mke wangu nilikuwa nikimlaumu kwa matumizi ya jikoni, kumbe mchele na unga vilikuwa na hesabu zake. Visivyokuwa na hesabu ni kahawa na kashata zangu za barazani, vocha za simu za mazungumzo yasiyo na maana, na mikate tuliyoinunua kwa wingi hadi ikaota ukungu. Shilingi 500 kwa siku mtu huiona si kitu. Lakini katika mwezi wa siku 30 ni shilingi 15,000, na katika mwaka mzima ni shilingi 182,500. Wazee wetu walipima nafaka kwa kibaba, na vibaba 4 vikawa pishi moja. Ndiyo maana wakasema haba na haba hujaza kibaba. Wakasema vile vile bandu bandu huisha gogo. Methali hizi mbili ni hesabu moja: kidogo kidogo kile kile kinachojaza, ndicho kinachomaliza.

Tuje sasa jikoni. Makaa yamekuwa ni mzigo mkubwa kwa kila nyumba. Choroko, kunde na maharage yakirowekwa tangu usiku huiva upesi, na chungu kikifunikwa hakipotezi moto. Chakula kikishaiva, makaa yaliyosalia yatiwe katika debe lenye kifuniko cha kubana. Moto utakufa kwa kukosa hewa, na makaa yale yatawaka tena kesho. Lakini pasiwe na mtu wa kulala na jiko linalowaka ndani ya chumba kilichofungwa, kwani hewa yake huua.

Itazameni nazi, ambayo Mwenyezi Mungu ametujaalia katika visiwa vyetu. Tui tunapikia, na chicha tunawapa kuku. Kifuu ni upawa, na kikichakaa ni kuni. Makumbi akina mama wa pwani huyafukia ufukweni kwa miezi, kisha huyapondaponda wakapata usumba, na usumba ukawa kamba. Makuti yanaezeka nyumba, na yanasukwa pakacha. Hakuna kinachotupwa. Hii ndiyo skuli ya kwanza ya kuvitumia vitu hadi mwisho wake, na wala haikutoka ng'ambo.

Na hapa niseme kwa masikitiko juu ya mwezi mtukufu wa Ramadhani. Mwezi huu ni wa kupunguza, lakini katika nyumba nyingi ndio mwezi wa madeni. Tunapika futari za aina sita na saba, na usiku tunamwaga. Tupike kwa idadi ya watu waliopo, na kilichozidi kifunikwe vyema na kipelekwe kwa jirani kabla hakijachacha.

Ama kuhusu umeme, sisi wa Unguja tuna somo ambalo halifai kusahauliwa. Mwaka 2008, kuanzia Mei hadi Juni, kisiwa kizima kilikuwa gizani kwa takriban mwezi mmoja. Ikaja tena kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu. Tulijifunza wakati ule kwamba pangaboi linaweza kusubiri, na kwamba nguo zinaweza kunyooshwa zote kwa siku moja katika wiki. Umeme uliporudi, mazoea mema yakaondoka. Chukueni mfano wa taa moja ya uani ya wati 60, inayowaka saa 11 kila usiku. Kwa siku 30 inakula karibu uniti 20. Taa ya kisasa ya wati 9, ambayo mwangaza wake unakaribiana na ile, kwa muda huo huo inakula uniti 3 tu. Hiyo ni taa moja. Kila mmoja akahesabu za kwake.

Kwa upande wa maji, bomba linalovuja hatulioni kuwa ni mwizi kwa sababu linaiba tone moja moja. Tegeni ndoo chini yake usiku. Ikiwa asubuhi mtakuta lita 20, basi kwa mwezi mmoja ni lita 600. Mpira mdogo wa kuzibia bomba hauna bei ya kutisha. Na maji ya kukoshea mchele na mboga yasimwagwe. Mchicha na mpilipili wa uani huyakubali bila ya kinyongo.

Sasa nivitaje vitu vikuukuu. Bibi zetu waliinunua doti ya kanga wakaitumia kwa miaka. Ikiwa mpya ilikuwa ya kutokea, ikififia ikawa ya kushindia nyumbani, ikilainika ikawa mbeleko na winda la mtoto, na mwisho ikawa tambara la kupigia deki. Hivi leo tunanunua vitambaa vya kufutia meza huku nguo zilizochakaa zimejazana sandukuni. Suruali iliyochanika magotini ni kaptura ya mtoto mdogo. Mpira wa ndani wa baiskeli ni kamba imara ya kufungia mzigo. Kikapu cha ukili kilikuwa kimeanza kusahauliwa. Lakini mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku hapa Zanzibar mwaka 2006, wengi wetu tulikumbuka kwamba kikapu kimoja hubeba mizigo ya sokoni kwa muda mrefu, na fedha zake humfikia msukaji aliye kijijini kwetu.

Hata hivyo, naomba nisieleweke vibaya. Si kila kikuukuu kinafaa kuwekwa. Galoni au chupa iliyotiwa dawa ya wadudu, rangi au mafuta ya gari, isitiwe maji ya kunywa wala chakula abadan, hata ikikoshwa mara kumi. Na mipira ya gari na makopo yaliyorundikwa uani yakijaa maji ya mvua huwa ni mazalio ya mbu. Kitu ukikiweka, kiwe na kazi; kisichokuwa na kazi ni taka, na taka mahali pake ni jaani.

Ndugu wafanyakazi wenzangu, tabia hizi zisiishie nyumbani. Karatasi iliyoandikwa upande mmoja bado ina upande wa pili wa kuandikia rasimu. Pangaboi na taa vizimwe tunapotoka ofisini. Mali ya Serikali si mali ya mtu asiyejulikana. Ni dawa za hospitali zetu na madawati ya skuli zetu. Mtu akiwa mwangalifu kwake na mharibifu kazini, huyo hakujifunza kuweka akiba, amejifunza kuchagua wa kumtia hasara.

Kilichopatikana kwa njia hizi kiwekwe wapi? Kwa kidogo cha kila siku, kibubu kinatosha. Kwa wanaoaminiana, upo upatu: watu 10 wakitoa shilingi 10,000 kila mwezi, kila mmoja kwa zamu yake hupokea shilingi 100,000. Faida haipo, lakini fedha hukutana pamoja zikaweza kununua kitu. Vipo pia vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo sanduku lao hufungwa kwa kufuli 3 na funguo zikakaa kwa watu 3 mbalimbali. Na kwa kilichokuwa kikubwa zipo benki, ikiwemo Benki ya Watu wa Zanzibar iliyoanzishwa mwaka 1966. La muhimu ni kwamba akiba itolewe kwanza, mshahara unapoingia. Anayengoja kuweka kilichobaki, hubaki na kungoja.

Mwisho, nawanasihi kina baba wenzangu. Tusiwaachie wake zetu peke yao kazi ya kubana, kisha sisi tukawa ndio wa kufungua. Tukae na watu wetu, tuandike, tukubaliane, na watoto wasikie.

Kibubu alichonirudishia bibi yule nilikwishakivunja, na baada yake nimevunja vingine. Mwenyewe ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Lakini tarehe 19 ya kila mwezi nyumba yangu haikosi nauli ya kwenda hospitali, na akija jirani kubisha hodi usiku, nina cha kumpa. Naomba kila nyumba iliyowakilishwa hapa leo iweze kusema hivyo hivyo.