Maji yanayodondoka bila mvua

(Maneno ya wahudumu wa uwanjani kwenye mkutano wa wanachama, Goma)



Tangu kambi za pembeni mwa Goma zilipovunjwa, Februari 2025, tumetembelea wengi wenu kule mlikorudi, upande wa Sake na kupanda milima ya Masisi. Karibu kila nyumba tunaambiwa: "Turubai mliyotupa inavuja." Tunapanda, tunakagua, hatuoni tundu. Na usiku ule mvua haikunyesha. Lakini blanketi zimelowa, watoto wanakohoa, na gunia la mbegu ya maharagi limeanza kuota ukungu.

Maji hayo yanatoka kwetu sisi tunaolala. Mtu mzima, kwa kupumua na kutoka jasho, anaweza kutoa zaidi ya glasi moja ya maji kwa usiku mmoja. Weka watu saba chumbani, ongeza nguo mbichi zilizoanikwa ndani, na sufuria ya maharagi iliyochemka jioni nzima. Mvuke unapanda, unagusa turubai au bati lililopoa kwa baridi ya mlima, unageuka matone. Chupa ya Primus ikitoka kwenye frigo inalowa nje, na hakuna anayesema imetoboka.

Ndiyo maana kubandika turubai ya pili juu ya ile ya kwanza hakumalizi shida. Dawa ni hewa. Acheni nafasi ya vidole vinne chini ya paa, pande mbili zinazotazamana. Mtatuambia: na baridi je? Itaingia kidogo, ni kweli. Lakini blanketi kavu penye hewa inapasha mwili kuliko blanketi mbichi palipofungwa. Kisha tandikeni mikeka au magunia matupu chini ya paa, kama dari, yasigusane na turubai. Kitanda kisiguse ukuta. Mbegu zikae juu ya mbao, si juu ya udongo.

Sasa mbabula. Hapa hatutasema kwa upole: isilale ndani. Kuna wanaoziba kila tundu halafu wanaingiza makala ya moto ili wakaushe unyevu. Makala hutoa sumu isiyo na harufu, inaua mtu usingizini, hata moto ukionekana umezimika. Mnaijua mazuku, ile hewa mbaya ya mashimoni. Yenyewe hulala chini, na wenyeji wanajua pa kuikwepa. Hii ya makala inajaa chumba kizima, na ni sisi wenyewe tunaoitengeneza.

Kwa wafadhili, ombi letu ni dogo. Turubai ni plastiki, haipitishi mvuke. Kila inapotolewa, iende pamoja na mbao chache, misumari na mikeka miwili. Bila hivyo tunagawa paa linalolowesha watu kutoka ndani.

Nyumba ya mfano iko nyuma ya ofisi, piteni muishike kwa mikono. Juma lijalo tunaanza kutoboa nafasi za hewa, kwanza kwa wenye watoto wachanga.