Kumpiga Picha Kuku wa Maonyesho

Wako watu wengi wadhanio ya kuwa kuku ni kitoweo na mayai, basi. Lakini katika mji wa Babati, chini ya Mlima Kwaraa, kama katika miji mingine ya nchi yetu, wako wafugaji wampendao kuku kwa umbo lake na nasaba yake. Mmoja humpenda kidimu, ambaye manyoya yake yamejikunja. Mwingine humpenda kishingo, asiye na manyoya shingoni. Na wengi humsifu kuchi, mrefu wa miguu, mwenye kilemba kidogo, asimamaye wima kama askari wa zamu.

Kushindanisha kuku si jambo la jana. Mwaka 1845 maonyesho ya kuku yalifanywa London katika bustani ya wanyama. Kwetu, wafugaji wa Manyara, Arusha na Kilimanjaro hukutana katika maonyesho ya Nane Nane, uwanja wa Themi, Arusha.

Basi picha yafaa nini? Mnunuzi aliye mbali, Singida au Mwanza, hutazama picha iliyopelekwa kwa simu, akatoa fedha kwa kuiamini. Picha ni shahidi, na shahidi hana budi kusema kweli.

Jogoo apigwe picha asubuhi au alasiri, kwa kuwa jua la adhuhuri hufuta mistari ya manyoya meupe na kutia giza chini ya kifua. Nyuma yake pawe na nguo ya rangi moja. Mpiga picha apige magoti, kamera iwe sawa na jicho la ndege; maana akipiga kutoka juu, kuchi mrefu huonekana mfupi, na miguu iliyo sifa yake hupotea. Tena kuku hatulizi kichwa. Kamera yenye kuwekwa mwendo ifunge upesi, kama sehemu moja ya 500 ya sekunde, na picha zipigwe nyingi. Mwenye kuku amwite kwa sauti aliyoizoea. Ndipo jogoo atakapoinua shingo. Na katika picha moja mfugaji amshike mwenyewe, ili mkono wa mtu uonyeshe ukubwa wa ndege.

Tena yako makubwa kuliko biashara. Ugonjwa wa mdondo, uitwao pia kideri, waweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Chanjo yake iliyoenea vijijini ni tone moja katika jicho, nayo hurudiwa kila miezi mitatu. Hata hivyo msiba hutokea, na kuchi hatagi mayai mengi. Ukoo wake ukikatika, kuurudisha ni kazi ya miaka. Mfugaji aliyetunza picha za jogoo, za tetea na za watoto wao, pamoja na tarehe na jina la aliyeuziwa, aweza kuwatafuta wale vifaranga kwa majirani, akalinganisha miguu na vilemba, akaanza tena. Asiye na picha hubaki na sifa za mdomo tu, na kila mwenye jogoo hujua kusifu.

Lakini mpiga picha ajihadhari: ugonjwa huo husafiri kwa viatu na mikono. Aendaye banda hadi banda asipojisafisha, aweza kuwaua wale aliokuja kuwapamba.

Na ninyi wafugaji, msiongeze rangi katika picha, wala msifiche ukucha uliovunjika. Anayedanganywa mara moja hanunui mara ya pili, na jina la Babati ndilo litakalotajwa sokoni. Twawaomba mtunze chanjo kwanza, kisha picha.