Kusoma kwa Kubahatisha na Kusoma kwa Kuhakikisha

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze juu ya Kiingereza, nilidhani barua imekosea njia. Darasani mwetu walikuwamo watu waliokijua Kiingereza kunishinda mimi, na wawili kati yao wameketi hapa mstari wa mbele wakicheka. Mimi nilikuwa mtunza bohari. Kwa miaka 32 kazi yangu ilikuwa kupokea vitu, kuvihesabu, kuviandika daftarini na kuvitoa kwa hati. Katibu akanijibu kwamba ndiyo sababu hasa ya kunichagua. Walimu wa Kiingereza vijana wanao kila siku, alisema, lakini hawajapata kumsikia mtu aliyekitumia Kiingereza kwa kusoma makaratasi tu. Basi, kwa ruhusa yenu, nitasema juu ya makaratasi.

Tulikuja hapa mwaka 1974, tukitoka shule za msingi ambako tulifundishwa kila kitu kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza tukakuta kila kitu ni Kiingereza, isipokuwa somo la Kiswahili lenyewe na siasa. Wenzangu wanakikumbuka kile kibao alichovikwa shingoni aliyesikika akisema Kiswahili. Mimi nilikivaa mara nyingi hata kamba yake ikanizoea. Hata hivyo nilijitahidi. Nilisoma vile vitabu vyenye majalada ya rangi ya chungwa vya African Writers Series, kimoja baada ya kingine. Nilisoma Daily News lililobandikwa ubaoni, japo mara nyingi lilikuwa la juzi. Mwaka 1977 nilifaulu mtihani wa Kiingereza, na nyumbani nikachinjiwa jogoo. Nilijiona nimemaliza.

Mwaka 1989 rafiki yangu wa kazini alitaka mkopo wa shilingi 180,000 anunue mashine ya kusaga. Mkopeshaji alidai wadhamini watatu. Nikawa mmoja wao. Mkataba ulikuwa wa kurasa nne, Kiingereza kitupu. Wenzangu wawili walitia sahihi bila kusoma, mimi nikasema hapana, mimi nimesoma sekondari, ngoja niusome. Nikausoma wote mbele yao, kwa sauti, na walinisifu. Katika ukurasa wa tatu palikuwa na maneno kwamba wadhamini wanawajibika “jointly and severally”. “Jointly” nililijua: kwa pamoja. “Severally” sikulijua, lakini nililijua “several”, yaani kadhaa. Nikakisia kwamba maana yake ni “sisi watu kadhaa, kwa pamoja”. Kisio langu lilikaa katika sentensi kama kofia kichwani. Nikawaeleza wenzangu: jamaa akishindwa, tutagawana deni, shilingi 60,000 kila mmoja. Tukatia sahihi.

Mashine ilivunjika katika mwaka wa pili. Mwenye deni alihamia kwao. Mdhamini mmoja alifariki, Mungu amrehemu, na wa pili alikuwa amekwisha kuacha kazi, haonekani. Nikabaki mimi mwenye mshahara unaojulikana unatoka wapi. Nikaenda na shilingi 60,000 zangu, nikaambiwa hizo ni mwanzo tu. Karani aliniwekea kidole juu ya lile neno. “Severally” maana yake ni kila mmoja peke yake. Zamani neno “several” lilikuwa na maana ya vitu vilivyotengana, kila kimoja mbali, na wanasheria hawakuliacha. Maneno yale mawili yakiwa pamoja yanasema kwamba mwenye kudai anaweza kuwadai wote kwa pamoja, au anaweza kumshika mmoja amtakaye na kumdai deni lote zima. Nilikatwa mshahara kwa karibu miaka minne. Mwanangu wa kwanza alichelewa kuanza sekondari kwa sababu hiyo, na jambo hilo hajalisahau, ingawa ni muungwana na halisemi.

Sasa, vijana, hapa ndipo penye maneno yangu. Walimu wenu wanawaambia: ukikutana na neno usilolijua, usikimbilie kamusi, soma mbele, kisia maana kutokana na maneno yanayolizunguka. Sisi nasi tuliambiwa hivyo. Ni shauri jema, na baadaye kidogo nitaeleza jinsi lilivyo jema. Lakini hakuna aliyetuambia kwamba yako makaratasi ambayo kukisia ni haramu. Nilidhani kusoma ni kumoja. Kumbe kuko kusoma kwa kubahatisha na kuko kusoma kwa kuhakikisha, na mtu anahitaji kujizoeza kote kuwili, tena ajue saa ya kubadilisha.

Nitoe mifano ya bohari. Palikuwa na madebe ya thina ya rangi yaliyoandikwa “Inflammable”. Msaidizi wangu, kijana mwenye akili na cheti kizuri, aliyapanga karibu na pale fundi alipokuwa akichomelea vyuma. Nilipopiga kelele alinijibu kwa adabu: “Mzee, imeandikwa haishiki moto.” Alikuwa amefundishwa kwamba “in-” mwanzoni mwa neno hukanusha, kama “incorrect” na “incomplete”. Kanuni ni ya kweli, lakini neno hili haliifuati. “Inflammable” na “flammable” ni kitu kimoja: kinawaka, na kinawaka upesi. Siku hizi viwanda vingi huandika “flammable” kuepusha hatari hiyo hiyo, lakini debe la zamani halikosekani.

Au chukueni kibandiko cha dawa ya wadudu wa mboga, kitu ambacho wengi wenu mnacho nyumbani. Rangi ya mstari ulio chini yake inasema ukali wa sumu, nyekundu ikiwa kali kuliko zote, kisha njano, kisha buluu, kisha kijani. Hiyo hata asiyesoma anaweza kufundishwa. Lakini juu yake pana sentensi kama hii: “Do not harvest within 14 days of last application.” Niliwahi kuwapa vijana 6 waliokuja kufanya kazi za likizo wanifasirie sentensi hiyo. Wawili walisema: vuna katika muda wa siku 14. Si kwamba hawakulijua neno “not”. Hakuna asiyelijua. Waliliruka.

Nimefikiri sana kwa nini tunaliruka. Kwetu sisi ukanushi umo ndani ya kitenzi chenyewe. “Vuna” na “usivune” hazifanani mwanzo, huwezi kusoma ya pili ukadhani ni ya kwanza. Mwingereza anaweka kitenzi kile kile, “harvest”, na mbele yake anasimamisha kijineno cha herufi tatu. Jicho letu, lililokuzwa na Kiswahili, linakimbilia neno kubwa lenye maana, na kijineno kinabaki njiani. Ndivyo ilivyo pia kwa “unless”, “until”, “within”, “except”, “only”, “at least”. Mwanafunzi ananiambia kwa fahari kwamba amejifunza “photosynthesis”. Vema. Lakini “unless” ndilo litakalomkosesha kazi au kumlaza hospitali.

Dawa za binadamu ni hivyo hivyo. Hospitalini tumezoea kuambiwa “moja mara tatu” au “mbili mara tatu”, tunaondoka. Ukinunua vidonge vya parasetamo dukani, boksi lina maneno zaidi: usizidishe vidonge 8 katika saa 24, na usivimeze pamoja na dawa nyingine yenye parasetamo ndani yake. Kwa Kiingereza neno linalotumika ni “exceed”. Asiyelijua atakisia, na kisio moja wapo ni “usipunguze”. Na yule anayemeza dawa ya mafua juu ya vidonge hivyo hajui kwamba mara nyingi parasetamo imo na humo, kwa kuwa imeandikwa kwa herufi ndogo upande wa nyuma. Parasetamo ikizidi huharibu ini. Fomu sizisemi sana, ila ile amri ya “delete whichever is not applicable” nimeona watu wazima wakiisoma na kukata lile linalowahusu.

Kusoma kwa kuhakikisha kuna mazoezi yake, nayo hayahitaji kitabu. Chukua karatasi moja, kibandiko, tangazo la kazi, risiti yenye masharti nyuma, chochote kilichoko nyumbani. Shika penseli. Zungushia duara vile vijineno vidogo kabla ya kusoma lolote. Kisha mwambie mtu mwingine kwa Kiswahili: nani anatakiwa kufanya nini, lini, na asipofanya itakuwaje. Mweleze bibi yako, kwa kuwa bibi hana haya ya kuuliza. Akiuliza swali na wewe ukarudi kutazama, hapo ndipo unaposoma. Na maneno ya kutafuta katika kamusi si yale usiyoyajua peke yake. Tafuta na yale unayodhani unayajua kwa sababu yanafanana na ndugu zao. Mimi sikuponzwa na neno geni kabisa, niliponzwa na “several” niliyekuwa namfahamu tangu kidato cha kwanza. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya TUKI ilitoka mwaka 1996. Kwangu mimi ilikuwa imechelewa, lakini kwenu ninyi imo maktabani. Simu nayo itakutafsiria neno utakaloliuliza, lakini haijui ni neno lipi uliloliruka.

Nikisema hivyo msije mkaniona mtu wa kamusi tu. Ukisoma kila kitu kwa penseli na kamusi utachoka mapema, utakichukia Kiingereza, na hutakuwa na kasi. Ule upande wa pili, wa kubahatisha, unataka wingi. Unataka vitabu vyepesi, vingi, vinavyopendeza. Mwingereza Michael West aliliona hilo alipokuwa akifundisha Bengal katika miaka ya 1920. Wanafunzi walikuwa wakisulubiwa kwa vitabu vya maneno adimu, naye akaanza kuandika hadithi zilizotumia maneno ya kawaida yanayojirudia. Huko Fiji, mwaka 1980, Elley na Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi 250 katika kila shule ya msingi kati ya shule 8 za vijijini, wakawaacha watoto wasome. Watoto hao waliwapita wenzao waliobaki na masomo ya kawaida, kwanza katika kusoma, na kadiri muda ulivyoendelea hata katika kuandika.

Kosa letu hapa shuleni lilikuwa majivuno. Tulidhani kusoma kitabu chepesi ni aibu. Ukionekana na hadithi ya kidato cha kwanza nawe uko cha tatu, ulitaniwa bweni zima. Hivyo tulibeba vitabu vinene, tukafungua kurasa, hatukuelewa nusu. Hu na Nation walionyesha mwaka 2000 kwamba ili msomaji aielewe hadithi vizuri bila msaada, anahitaji kuyajua kama maneno 98 katika kila 100. Maana yake, katika ukurasa wa maneno 300, mageni yasizidi 6. Yakiwa 20, huwezi kukisia, kwa kuwa maneno ya kukusaidia kukisia nayo ni mageni. Kwa hiyo hesabu. Fungua ukurasa wa katikati, kunja kidole kwa kila neno usilolijua. Vidole vikiisha kabla ya ukurasa kufika nusu, kirudishe kitabu hicho rafuni bila haya, chukua Hawa the Bus Driver au Mabala the Farmer, usome mpaka mwisho, kisha kingine. Watani watanyamaza siku ya mtihani.

Najua wako wenzangu humu watakaosema baada ya chakula: kwa nini tusiyaandike hayo makaratasi yote kwa Kiswahili, mambo yakaisha? Nami nakubali, tena zamani. Criper na Dodd walipoandika ripoti yao mwaka 1984 walisema waziwazi kwamba wanafunzi wengi wa sekondari nchini hawakuweza kukisoma Kiingereza walichofundishiwa. Halikuwa jambo la siri. Na mwaka 2021 sheria ilipofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama hapa Tanzania, nilifurahi kuliko wanasheria. Lakini wiki iliyopita nilinunua pampu ya maji, na karatasi iliyomo ndani ilikuwa na Kiingereza, Kichina na lugha nyingine mbili. Kiswahili hakikuwamo. Nayo ilisema “Do not run dry”. Jirani yangu alifasiri kwamba haikauki. Nadhani mnajua pampu yake iko wapi sasa.

Ndugu Mwenyekiti, naona Mweka Hazina ananitazama, naye ana hesabu za kusoma. Nimemletea mwalimu wa Kiingereza sanduku moja: vibandiko vya madebe niliyoyakusanya, fomu tupu, matangazo ya kazi, karatasi ya ile pampu, na nakala ya mkataba wangu wa mwaka 1989, majina yakiwa yamefutwa. Ukurasa wa tatu sikuutia alama yoyote. Vijana wa kidato cha tatu waanze na huo.