Rangi Juu ya Ufa

Mazungumzo ya asubuhi redioni. Somo: 1 Samweli 16:1–13

 

Asubuhi ya leo nataka tuzungumze juu ya matairi. Labda utasema, "Mchungaji, mimi sina gari." Hata hivyo unapanda basi. Kutoka hapa Garissa hadi Nairobi ni kilomita 370 hivi, na njia nzima uhai wako umeshikwa na mpira unaokanyaga lami kwa eneo lisilozidi sana kiganja cha mkono, kwa kila gurudumu. Basi nisikilize kidogo.

Mwaka 2023 mama mmoja mjane katika ushirika wetu alinijia. Binti yake alikuwa amepata nafasi katika chuo cha ualimu, na karo haikuwepo. Mama alikuwa na kitu kimoja cha kuuza, yaani gari la marehemu mumewe. Lilikuwa Subaru, mojawapo ya yale magari ya kukimbia ambayo vijana huyapenda na kuyaita spoti. Marehemu alilipenda sana. Alilinunulia matairi mapya mwaka 2015, na mwaka uliofuata Mungu akamwita. Tangu siku ile gari lilisimama uani chini ya mwarobaini, limefunikwa turubai, miaka saba.

Mama akasema, "Baba Mchungaji, mimi sijui mambo ya magari. Nitafutie mnunuzi."

Nilimpata upesi. Alikuwa kijana wa ushirika wetu, muuguzi, mwenye mke na mtoto mchanga. Alitaka gari la kumpeleka kwao Krismasi. Kabla hajaja kuliangalia, nilimwita kijana mwingine alioshe. Likaoshwa likang'aa. Matairi ndiyo yaliyobaki na rangi ya kijivu kama majivu, basi nikampa kijana yule pesa akanunue kopo la rangi nyeusi ya matairi. Akayapaka. Ndugu zangu, yakawa meusi kama yametoka dukani asubuhi ile. Mifereji yake ilikuwa na kina kirefu, maana hayakuwa yametembea. Muuguzi alipokuja, nilimwambia kwa kinywa changu, "Matairi ni mapya, hayajatumika."

Hayajatumika, hilo lilikuwa kweli. Kwamba ni mapya, hilo sikulijua.

Tulilisukuma gari, likapigwa betri, tukaenda nalo polepole mpaka kwa fundi wa pancha ili yatiwe upepo. Fundi huyu ni mzee wa Kisomali, Mwislamu mcha Mungu, ambaye kwa miaka mingi ameketi chini ya kivuli chake na mashine ya upepo na rundo la matairi. Alitazama gari bila kusema neno. Halafu akachota maji katika karai, akachukua kitambaa, akapiga magoti mchangani, akaosha ubavu wa tairi moja. Rangi yangu ikatoka yote katika kitambaa chake.

Akaniita, "Pasta, njoo uinamie hapa."

Nikainama. Akatia upepo, na ubavu wa tairi ulipovimba, nikaona nyufa ndogo ndogo zikifunguka, kama ardhi ya huku kwetu mvua inapokosa kunyesha. Alipogusa kwa ukucha, mpira haukubonyea. Ulikuwa umekauka.

Akasema, "Ukienda soko la ng'ombe, unanunua mnyama kwa kutazama ngozi?"

Nikasema, "Hapana, Mzee. Namfungua mdomo nihesabu meno."

"Basi tairi nalo lina meno yake. Tafuta herufi tatu, D, O na T. Nyuma yake kuna maandishi, na mwisho wake kuna tarakimu nne."

Upande wa nje hazikuwepo. Mara nyingi tarakimu hizo huandikwa upande mmoja tu, na hapa upande huo ulikuwa umeelekea ndani, chini ya gari. Ilinibidi nilale chali mchangani, na shati langu la kikasisi, na tochi mkononi. Nikazisoma: 1114. Mzee akanifafanulia. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lile lilitoka kiwandani wiki ya 11 ya mwaka 2014. Lilikuwa na umri wa miaka tisa.

Ndipo aliponifundisha jambo ambalo sikulijua, na baadaye nililisoma nikakuta ni kweli. Ndani ya mpira wa tairi huchanganywa dawa za kuulinda, nyingine za namna ya nta. Gari linapotembea, tairi hujikunja na kujikunjua, na dawa ile hupanda juu ya mpira ikaukinga na hewa na jua. Gari likisimama, dawa haipandi vizuri. Hewa na joto huufanya mpira ukauke na kupasuka, hata kama mifereji yake bado ni mirefu kama siku ya kwanza. Hapa kwetu, ambapo nyuzi 35 za joto si ajabu, kazi hiyo hufanyika upesi zaidi. Watengenezaji kadhaa hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka likishatumika miaka 5, na likifika miaka 10 tangu kutengenezwa libadilishwe, hata kama machoni linaonekana zima. Hata tairi la akiba lililolala nyuma ya gari, lisilogusa barabara hata siku moja, nalo huzeeka.

Muuguzi alikuwa amesimama anasikiliza. Akaonyesha herufi iliyoandikwa ubavuni. "Lakini Mzee, hapa pana V. Nimesoma kuwa V ni tairi la kuhimili kilomita 240 kwa saa."

Mzee akacheka kidogo. "Hiyo ni ahadi ya siku lilipozaliwa."

Wasikilizaji wapenzi, jambo hili si la Garissa peke yake, wala si la maskini peke yao. Tarehe 30 Novemba 2013, huko California, Marekani, mwigizaji wa filamu Paul Walker, ambaye vijana wetu wengi wanamjua kwa filamu za mbio za magari, alikufa pamoja na rafiki yake Roger Rodas aliyekuwa akiendesha. Gari lao lilikuwa Porsche Carrera GT, gari la fedha nyingi sana. Wachunguzi walisema kilichosababisha ajali ni mwendo wa kasi mno. Lakini walitaja pia kwamba matairi yale yalikuwa na umri wa zaidi ya miaka tisa, na kwamba jambo hilo huenda lilidhoofisha uwezo wa gari kushika barabara. Umri ule ndio niliousoma mimi, nimelala chali mchangani.

Sasa narudi kwangu mwenyewe, maana leo sikuja kumhukumu mtu mwingine.

Kijana yule alinigeukia akauliza kwa heshima, "Mchungaji, ulijua?"

Ningeweza kusema hapana. Mwaka wa tairi kweli sikuujua. Lakini Roho Mtakatifu hakuniacha. Nilimjibu, "Sikujua mwaka wake. Lakini nilijua kwamba sijui, na badala ya kuuliza, nikapaka rangi."

Nilikuwa na sababu yangu nzuri. Nilikuwa nikimfikiria mjane na karo ya binti yake. Ndugu yangu, dhambi nyingi za watu wa kanisa huja na sababu nzuri namna hiyo. Nilitaka kumsaidia mama mmoja, na kwa ajili yake nilikuwa tayari kumweka mama mwingine na mtoto wake mchanga juu ya mpira uliokauka, katika jua la mchana kati ya Bangale na Ukasi, ambako tairi likipasuka hakuna wa kukushika. Na sikuwa nimekusudia hivyo. Nilikataa tu kuinama nikasome.

Nilikwenda kwa mjane nikamweleza yote, na kwamba bei lazima ishuke kwa gharama ya matairi manne. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwambie kweli yote. Mimi nimeshazika. Sitaki mwingine azike kwa ajili ya karo yangu."

Bei ikashuka. Karo haikutimia, na binti yule alichelewa kwenda chuoni majuma mawili, mpaka akina mama wa ushirika walipojazia. Nasema hivyo ili usidhani kwamba kusema kweli hakuna gharama. Kuna gharama, na mara nyingine hulipwa na asiyekuwa na kosa. Ndiyo sababu ni afadhali kuisema mapema, kabla ya kopo la rangi.

Tufungue somo letu. Nabii Samweli alitumwa nyumbani kwa Yese kumtia mafuta mfalme. Alipomwona Eliabu, kimo chake na sura yake, alidhani kazi imekwisha. Mungu akamzuia, akamfundisha kwamba binadamu hutazama kinachoonekana, bali yeye hutazama moyo. Tukumbuke kwamba Samweli hakuwa mjinga. Alikuwa nabii mzee, mwenye uzoefu. Hata yeye alitazama ngozi ya mnyama. Wana saba wakapita mbele yake, na aliyechaguliwa alikuwa bado malishoni na kondoo, kijana wa jua na vumbi, aliyekuwa kazini.

Angalia imani yako asubuhi hii. Pengine ulibatizwa utotoni, ukapata kipaimara, ukafunga ndoa kanisani. Vyeti vyote vipo sandukuni. Ni herufi V hiyo, ahadi ya siku ulipozaliwa upya. Lakini tangu siku ile imani imesimama chini ya mwarobaini, imefunikwa turubai. Haijambeba mtu. Haijakwenda kwa mgonjwa, haijamsamehe jirani, haijagawa chakula wakati wa ukame. Kila Jumapili tunaipaka rangi kidogo, nayo inang'aa. Tunasema, "Imani yangu ni nzima, haijachakaa." Ndugu, haijachakaa kwa kuwa haijatembea! Na ile dawa ya upendo ambayo Mungu aliitia ndani yako haipandi juu, kwa sababu hujakunjwa na mzigo wa mwenzako.

Nyufa hazikuonekana tairi likiwa tupu. Zilionekana upepo ulipotiwa. Vivyo hivyo mzigo utakapokuja, yaani ugonjwa, msiba, kufukuzwa kazi, au jaribu la fedha, ndipo utakapojulikana ulivyo. Ni heri nyufa zionekane leo chini ya kivuli cha fundi kuliko kesho katikati ya safari.

Na usidharau mtu anayekuonyesha ufa wako. Mimi nimesoma chuo cha theolojia, nimevaa kola. Aliyenihubiria siku ile alikuwa mzee Mwislamu mwenye kitambaa cha maji, ambaye hakuninyooshea kidole. Alipiga magoti yeye kwanza, kisha akaniita niiname pamoja naye. Tangu siku ile tunaamkiana kama ndugu.

Matairi yale manne hakukubali niyachukue. Alitoa kisu akayatoboa ubavuni yote manne, ili mtu mwingine asije akayaokota, akayapaka rangi, akayauza. Hiyo ndiyo toba. Usiiweke dhambi yako ghalani ukidhani itafaa siku nyingine.

Lakini hapo mfano wangu unakoma, na ninashukuru kwamba unakoma. Tairi lililokauka haliwezi kuwa jipya tena. Nikodemo naye, katika Yohana sura ya 3, alimwuliza Bwana Yesu usiku ule jinsi mtu mzee anavyoweza kuzaliwa tena. Na Bwana alimjibu kwamba inawezekana, kwa Roho. Mpira hauna tumaini hilo, bali wewe unalo, hata kama umesimama miaka saba, hata kama umepakwa rangi mara nyingi. Inama tu, usome kilichoandikwa, ukiseme.

Na kama leo unanunua au unauza gari, safisha ubavu wa tairi, tafuta zile tarakimu nne, na umwambie mwenzako ulichokiona. Hiyo nayo ni ibada.

Tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, wewe huoni kama tuonavyo sisi. Utusamehe rangi tuliyopaka juu ya nyufa zetu. Utupe magoti ya kuinama na ulimi wa kusema kweli, hata itakapotugharimu. Uwalinde madereva na abiria wote katika barabara zetu ndefu leo. Uwatazame wajane na watoto wao. Uutie moyo wetu Roho wako, usikauke, bali utembee na kubeba mizigo ya wengine, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.