Kinachofuata Mafua: Chanjo ya Homa ya Mafua kwa Wazee na Afya ya Umma

Homa ya mafua huletwa na virusi vya influenza, hasa vya aina A na B. Si yale mafua mepesi ya kupenga kamasi siku tatu na kusahau. Huanza ghafla kwa homa kali, baridi, kichwa kuuma, viungo kulegea na kikohozi kikavu, na humlaza kitandani hata mtu mwenye siha njema. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa kila mwaka huugua watu wapatao bilioni moja. Kati yao milioni 3 hadi 5 huzidiwa, na watu kati ya 290,000 na 650,000 hufa kwa maradhi ya njia ya hewa yatokanayo na homa hiyo. Vifo hivyo havimwangukii kila mtu kwa kiasi kimoja. Nchini Marekani, ambako takwimu zimekusanywa kwa muda mrefu, asilimia 70 hadi 85 ya wanaokufa kwa homa ya mafua ya msimu wana umri wa miaka 65 au zaidi. Kijana huugua akapona. Mzee huugua, na mara nyingi kinachomuua ni kile kinachofuata mafua. Hapo ndipo faida ya chanjo inapopaswa kutafutwa.

Mwili wa mzee hupambana na virusi kwa nguvu iliyopungua. Tezi ya thaimasi, inayokomaza seli za kinga, husinyaa tangu ujanani, na kufikia uzeeni seli mpya za kukabili virusi vigeni huwa chache. Mzee hakohoi tena kwa nguvu ya kutosha kusafisha makohozi. Juu ya hayo, wazee wengi tayari wanaishi na presha, kisukari, maradhi ya moyo au ya figo. Dalili zenyewe nazo hubadilika. Bibi wa miaka 78 anaweza asipate homa kabisa: anakataa uji, anasinzia mchana kutwa, anachanganya majina ya wajukuu, kisha anaanguka akielekea chooni. Nyumbani watu husema ni uzee, au malaria, na siku zinapita. Anapofikishwa hospitali, bakteria wameshaingia kwenye mapafu yaliyojeruhiwa na virusi, na ugonjwa unaoandikwa kwenye cheti ni nimonia. Jina la homa ya mafua halionekani popote, na hiyo ni sababu mojawapo ya ugonjwa huu kudharauliwa.

Moyo nao hudhurika, jambo ambalo watu wengi hawalijui. Watafiti wa jimbo la Ontario, Kanada, walichapisha mwaka 2018 uchunguzi wa wagonjwa waliolazwa jumla ya mara 364 kwa mshtuko wa moyo na ambao vipimo vya maabara vilithibitisha kuwa walipata homa ya mafua ndani ya mwaka mmoja kabla au baada ya kulazwa huko. Ilionekana kwamba katika siku 7 za kwanza baada ya kugunduliwa na virusi hivyo, uwezekano wa kupata mshtuko wa moyo ulikuwa mara 6 ya ule wa nyakati nyingine. Maambukizi huamsha uvimbe mwilini, damu huganda kwa urahisi zaidi, na moyo hulazimika kwenda mbio wakati oksijeni imepungua. Mishipa iliyokwisha kuzibwa nusu na mafuta haistahimili mzigo huo.

Halafu kuna kitanda. Uchunguzi mdogo uliochapishwa Marekani mwaka 2007 uliwalaza wazee wenye afya nzuri kwa siku 10 tu. Kwa wastani walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Hao hawakuwa na homa wala nimonia. Mzee aliyelazwa kwa homa ya mafua hupoteza nguvu hizo akiwa tayari anaumwa, na wako wanaorudi nyumbani wasiweze tena kwenda msikitini, kanisani au shambani kwa miguu yao. Kwa familia, huo ndio mwanzo wa kumlisha, kumwogesha na kumgeuza kitandani, kazi ambayo kwa kawaida humwangukia binti au mkwe aliyelazimika kuacha biashara yake. Hesabu za vifo hazioneshi hasara hiyo, ingawa ni hasara ya afya ya umma kama nyingine yoyote.

Virusi vya homa ya mafua ya binadamu vilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1933 nchini Uingereza na Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw, waliowaambukiza wanyama wadogo wa jamii ya kicheche. Chanjo ya kwanza iliyoidhinishwa Marekani, mwaka 1945, ilijaribiwa kwanza kwa wanajeshi. Baada ya mlipuko wa dunia wa 1957 kuua watu wengi wenye umri mkubwa, mamlaka ya afya ya nchi hiyo ilishauri mwaka 1960 kwamba wenye umri wa miaka 65 au zaidi, wagonjwa wa maradhi sugu na wajawazito wachanjwe kila mwaka. Ushauri huo umeendelea kuwepo, na nchi nyingi zimeufuata.

Neno "kila mwaka" lina sababu. Virusi hivi hubadilika bila kukoma, na kinga iliyopatikana mwaka jana huenda isivitambue vya mwaka huu. Mtandao wa maabara ulioanzishwa na WHO mwaka 1952 hukusanya sampuli kutoka nchi nyingi, zikiwemo za Afrika Mashariki, na mara mbili kwa mwaka wataalamu huchagua virusi vya kuwekwa kwenye chanjo: Februari kwa ajili ya kaskazini mwa dunia na Septemba kwa ajili ya kusini. Chanjo nyingi hutengenezwa kwa kuotesha virusi ndani ya mayai ya kuku, kisha virusi huuawa na kusafishwa. Dozi huchomwa kwenye msuli wa juu ya mkono, na kinga hukamilika baada ya wiki mbili hivi. Virusi vilivyouawa haviwezi kumpa mtu homa ya mafua. Anayepata maumivu ya mkono au homa ndogo ya siku moja anaona kinga ya mwili wake ikiamka. Madhara makubwa yapo lakini ni adimu sana: ugonjwa wa neva wa Guillain-Barré, unaotajwa mara nyingi na wapinzani wa chanjo, unakadiriwa kuongezeka kwa mtu mmoja au wawili kwa kila watu milioni moja wanaochanjwa.

Je, chanjo inawasaidia wazee kwa kiasi gani? Swali hili linahitaji jibu la kweli hata pale ukweli unapokuwa mdogo kuliko matumaini. Jaribio lililofanywa Uholanzi na kuchapishwa mwaka 1994 liliwagawa kwa kura watu 1,838 wenye umri wa miaka 60 au zaidi. Nusu walipata chanjo, nusu walipata sindano isiyo na dawa. Vipimo vya damu vilionesha maambukizi kwa asilimia 4 ya waliochanjwa na asilimia 9 ya wenzao. Mapitio ya mtandao wa watafiti wa Cochrane ya mwaka 2018, yaliyokusanya majaribio ya aina hiyo, yalifikia jibu linalofanana: bila chanjo, wazee 6 katika kila 100 hupata homa ya mafua kwa msimu mmoja; kwa chanjo, ni kati ya 2 na 3. Maana yake, wazee wapatao 30 huchanjwa ili mmoja asiugue.

Kabla ya hapo, tafiti nyingi zilizolinganisha wazee waliojichagulia kuchanjwa na wasiochanjwa zilidai kwamba chanjo hupunguza vifo vyote vya majira ya baridi kwa nusu. Mwaka 2005 mtafiti Lone Simonsen na wenzake walionesha kasoro ya dai hilo. Nchini Marekani, wazee waliochanjwa waliongezeka kutoka kati ya asilimia 15 na 20 kabla ya 1980 hadi asilimia 65 mwaka 2001, lakini vifo vya homa ya mafua katika rika hilo havikushuka kama ilivyotarajiwa. Isitoshe, homa hiyo ilisababisha chini ya asilimia 10 ya vifo vyote vya majira ya baridi. Chanjo inayodaiwa kuzuia nusu ya vifo inazuia vipi vifo ambavyo ugonjwa wenyewe hausababishi? Jibu ni kwamba mzee dhaifu kupindukia, aliyekaribia kufa, hapelekwi kuchanjwa. Anayekwenda kituoni kwa miguu yake tayari ana nafuu kuliko aliyebaki kitandani. Ugunduzi huo haukuiondolea chanjo thamani. Uliondoa chumvi iliyozidi, na watetezi wa chanjo wanapaswa kuushukuru, kwa sababu ahadi kubwa isiyotimia ndiyo huwavunja watu imani.

Ushahidi wenye uzito zaidi uko kwenye yale yanayofuata mafua. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021, wagonjwa 2,571, wengi wao wakiwa wametoka kupata mshtuko wa moyo, walichanjwa au kupewa sindano isiyo na dawa wakiwa bado hospitali, katika nchi 8 zikiwemo Sweden na Bangladesh. Baada ya mwaka mmoja walikuwa wamekufa asilimia 2.9 ya waliochanjwa, dhidi ya asilimia 4.9 ya wasiochanjwa. Wastani wa umri wao ulikuwa karibu miaka 60, kwa hiyo si wote waliokuwa wazee. Hata hivyo ni matokeo ambayo dawa nyingi za moyo za bei kubwa zingejivunia.

Chanjo zenyewe nazo zimeimarishwa. Ile ya dozi kubwa ina kiini mara nne ya chanjo ya kawaida. Katika jaribio la watu 31,989 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, lililochapishwa mwaka 2014, waliopewa dozi hiyo walipata homa ya mafua kwa kiwango cha chini kwa asilimia 24 kuliko waliopewa ya kawaida. Jaribio kubwa zaidi la Denmark, la watu zaidi ya 330,000, halikuonesha tofauti ya uhakika katika kulazwa kwa nimonia na homa ya mafua kwa ujumla wake. Nchi yenye bajeti finyu isisubiri chanjo ya bei ghali. Ya kawaida inatosha kuanza.

Mzee analindwa pia na mikono ya wengine. Japani iliwachanja watoto wa shule kwa wingi kuanzia miaka ya 1960, ikaufanya mpango huo kuwa wa lazima mwaka 1977, ikaulegeza 1987 na kuuacha 1994. Watafiti waliporudia rekodi za vifo mwaka 2001 walikadiria kwamba mpango huo ulikuwa ukizuia vifo kati ya 37,000 na 49,000 kwa mwaka, hasa vya wazee, na kwamba vifo viliongezeka ulipositishwa. Babu, bibi na wajukuu wengi wa Japani ya wakati ule waliishi nyumba moja, kama ilivyo hadi leo Tanga, Kisumu au Bukoba. Mjukuu anayekohoa hulala chumba kimoja na bibi yake.

Afrika Mashariki bado iko nyuma, na sababu zinaeleweka. Karibu na ikweta virusi huzunguka karibu mwaka mzima, wakati kinga ya chanjo hufifia baada ya miezi kadhaa, kwa hiyo kuchagua mwezi wa kuchanja si rahisi. Kenya, inayofuatilia virusi hivi tangu 2006, ilipata ushauri wa wataalamu wake mwaka 2016 wa kuanza na watoto wa miezi 6 hadi 23. Ushauri huo ulikuwa na hoja, kwani watoto hao nao hulazwa kwa wingi. Wazee wachache wanaoijua chanjo hii ni wale wanaojiandaa kwa Hija, ambao Saudi Arabia imekuwa ikiwashauri wachanjwe kabla ya kukusanyika Makka.

Njia ya kuwafikia wengine tayari ipo. Hospitali nyingi za Tanzania zina dirisha la wazee, na kila wiki kuna kliniki ya presha na kisukari ambako mzee hufika na daftari lake, hupimwa, huandikiwa dawa na kurudi mwezi unaofuata. Zanzibar ina orodha ya Pensheni Jamii, inayolipwa tangu Aprili 2016 kwa kila mwenye umri wa miaka 70 na zaidi. Majokofu ya chanjo za watoto, yanayotunza nyuzi joto 2 hadi 8, ndiyo hayo hayo yanayohitajika. Wizara za afya zianze na wazee wa kliniki hizo pamoja na wahudumu wanaowagusa kila siku, na zitenge fedha za dozi zao katika bajeti ya kila mwaka.