Mbolea Ifike Shambani Kabla ya Masika

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumeombwa tuseme habari za mbolea. Labda mtu atauliza, watu wa reli na mbolea wapi na wapi? Wengi wetu tuna mama, mke au ndugu anayelima Ganze, Bamba, Kaloleni au Magarini. Shamba lisipotoa, unga hununuliwa kwa mshahara ule ule tunaougombania katika chama hiki. Basi bei ya mbolea ni shauri letu.

Mbolea ya dukani karibu yote hutoka ng'ambo, nayo huteremshwa bandarini Mombasa. Hapo ndipo penye ajabu. Mtu wa Kilifi ni jirani wa bandari, walakini mali yampita ikienda bara. Reli yetu yagusa Kilifi upande wa Mariakani tu, haifiki Kilifi mjini wala Malindi. Mbolea ya Magarini lazima ipande lori.

Mwaka 2022, vita vya Urusi na Ukraine vilipozidisha ughali, gunia la kilo 50 lilifika shilingi 6,500. Septemba mwaka huo Serikali ikatangaza 3,500, na Agosti 2023 ikashusha hata 2,500 kwa mkulima aliyeandikishwa. Twashukuru. Lakini 2,500 ni bei ya mlangoni pa ghala, si bei ya shambani.

Tufanye hesabu, tarakimu za mfano tu. Mama aondoka kijijini peke yake: nauli ya kwenda na kurudi 600, kupakiza gunia kwenye matatu 300, bodaboda kutoka barabarani hadi nyumbani 500. Gunia la 2,500 limekuwa 3,900, na siku nzima ya jembe imepotea. Sasa watu 20 wakodi lori moja kwa 6,000. Kila mmoja atoa 300, na gunia lafika kwa 2,800. Hizo 1,100 zilizobaki hakutupa mtu. Tumezipata kwa kwenda pamoja, kama tulivyozoea katika chama.

Jambo la pili ni wakati. Mbolea ya kupandia, ile ya DAP, faida yake kubwa ni fosfeti, nayo haitembei sana udongoni. Yataka iwe karibu na mbegu siku ya kupanda. Ikiletwa mwezi wa Mei, mahindi yakiwa yamefika magotini, imechelewa. Hiyo ya kukuzia, CAN, ndiyo hutiwa baadaye, udongo ukiwa na maji. Kwa hiyo mtu anayesema mbolea ipo, aulizwe: ipo lini?

Na kipimo je? Mwenye nusu ekari hana haja ya gunia zima la kupandia. Niger na Zimbabwe wakulima wadogo walifundishwa kupima kwa kizibo cha chupa ya soda, na mavuno yakaongezeka. Wawili wenye nusu ekari waweza kugawana gunia. Samadi ya mbuzi nayo isidharauliwe, maana mchanga wetu hauzuii maji wala chakula cha mmea. Mvua ikikosa, mbolea hailimi peke yake. Magarini walianzishiwa mradi mkubwa mwaka 1978 kwa msaada wa Australia, na ukame na udongo vikaushinda.

Tena kuna ulaghai. Mwaka 2024 magunia ya mbolea bandia yaliuzwa katika mpango ule ule wa bei nafuu, hata Bunge likaingia katika uchunguzi. Mkulima aliyekwisha panda alikuwa amepoteza msimu, na msimu haurudishwi kwa gunia jingine. Tukienda kwa kundi, tutafungua gunia moja pale pale ghalani mbele ya wote, na kila mtu atunze stakabadhi yake pamoja na gunia tupu mpaka avune.

Shauri letu ni hili. Kila tawi liandike wakulima wa nyumba zake kabla ya mwisho wa Januari. Asiyeandikishwa kwa Serikali aende kwa chifu sasa, asingoje mawingu. Chama kisiuze mbolea wala kushika fedha za mbolea. Kila mkulima alipe kwa jina lake. Chama kikusanye fedha za lori tu, na hesabu zisomwe mkutanoni. Tena tuandike barua kwa Bodi ya Nafaka, tuombe akiba ya pwani iwe ghalani mwezi wa Februari, maana masika yetu hayangojei ratiba ya bara.

Katibu anayo daftari hapa mezani: jina la mkulima, kijiji, ekari, nambari ya simu. Akina mama watangulie, kwa kuwa wao ndio wenye jembe.