Nani Ameyachafua Maji?



Bwana wetu alipotaka kuwafundisha wanafunzi wake, mara nyingi hakwenda mbali kutafuta mifano. Aliwaonyesha ndege, maua, mbegu ya haradali, na wavu wenye samaki wa kila namna. Jumapili hii naomba tumtazame samaki mmoja mdogo wa Ziwa Victoria, ambaye wengi wetu hatumhesabu kuwa kitoweo cha kumkaribishia mgeni. Samaki huyo ni furu.

Furu ni ndugu wa sato na perege, lakini aina zake ni nyingi mno. Wataalamu wamekadiria kwamba ziwa lile lilikuwa na aina zipatazo 500. Miongoni mwake zipo mbili zikaazo penye miamba ya Ghuba ya Mwanza, nazo majina yake ya kitaalamu yametoka kwetu. Moja yaitwa Pundamilia pundamilia. Ya pili yaitwa Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Dume wa kwanza ni wa rangi ya buluu. Dume wa pili ana mgongo mwekundu na ubavu wa manjano. Majike ya aina zote mbili yamefifia rangi, hata si rahisi kuyatofautisha.

Ukiwatazama katika tangi la kioo, ambamo watu wa nchi nyingi huwafuga, utaona posa ya namna yake. Dume hushika mahali pake na kuwafukuza madume wengine. Jike akikaribia, dume humgeuzia ubavu, hutandaza mapezi na kuutetemesha mwili, kisha hutangulia kuogelea kuelekea makao yake, kama asemaye, "Karibu." Jike hana haraka. Hutazama, husogea, huondoka, hurudi. Na anayo sababu ya kutazama sana, kwa kuwa mzigo utakuwa wake: akishataga huyachukua mayai kinywani, na kwa muda wa wiki mbili hadi tatu huyalea humo, karibu bila kula.

Je, humtambuaje mwenzi wa aina yake? Kwa rangi. Mwaka 1998 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walitangaza matokeo ya jaribio lao. Waliwaweka majike mbele ya madume wa aina zote mbili. Katika mwanga mweupe, jike alimwelekea dume wa aina yake. Kisha wakabadili taa, wakawasha ya rangi ya machungwa, ambayo chini yake wekundu na ubuluu havitofautiki. Jike yule mwangalifu hakuweza tena kuchagua. Macho yake yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni mwanga.

Na yaliyotokea tangini yametokea ziwani. Misitu imefyekwa, mvua ikateremsha udongo. Mbolea na majitaka vikaingia ziwani, mwani ukastawi, maji yakapoteza uangavu wake. Penye maji maangavu aina hizi mbili huishi jirani, kila moja na wake. Penye maji yenye ukungu mwingi hukutwa kundi moja tu la samaki waliochanganyika, na rangi zao hazina tena ule uzuri. Sangara, aliyeletwa katika miaka ya 1950, aliwamaliza furu wengi kwa kuwala, na kila mtu alimwona. Ukungu hauna meno, kwa hiyo hatukuuogopa.

Ndugu zangu, sisemi kwamba mtu wa kabila hili asimwoe wa kabila lile. Sisi sote tu wana wa Adamu, aina moja. Nasema juu ya kuona.

Miaka kadhaa iliyopita nilifungisha ndoa ya vijana wawili. Tangazo la ndoa lilisomwa Jumapili tatu, kama ilivyo desturi, na hakuna aliyesimama. Mwaka haujaisha, yule dada akanijia akiwa mja mzito. Alikuwa amegundua kwamba mwanamume yule ana mke wa ndoa na watoto katika mkoa mwingine. Nilimkasirikia sana kijana yule, na dhambi yake siipunguzi. Lakini nilipoulizauliza nikakuta kwamba mshenga alijua. Shangazi wa kijana alijua. Hata kanisani walikuwapo waliojua, wakalisikia tangazo mara tatu na kuinamisha vichwa. Mmoja aliniambia, "Padre, hatukutaka kuharibu shughuli ya watu." Nami nina fungu langu: siku ya kuwahoji wachumba wale nilikuwa na safari, nikaijaza fomu kwa dakika kumi.

Yule dada aliniuliza swali moja tu: "Padre, kwa nini hakuna aliyeniambia?" Sikuwa na jibu.

Tangu siku ile nasita kusema kama tusemavyo wazee, kwamba vijana wa siku hizi hawajui kuchagua. Samaki hakuyachafua maji. Wanaoyachafua ni sisi tuishio ufukoni. Baba aharakishaye posa kwa kuwa mahari ni nono, amezima taa. Mshenga asifuye asichokijua, na kuficha akijuacho, amemwaga matope. Jirani ajuaye na kunyamaza, akiita unyamavu wake kuwa ni adabu, naye pia. Masengenyo tunayo tele baada ya harusi. Ukweli ulitakiwa kabla yake.

Kwako, kijana unayechumbia: onyesha rangi yako halisi. Kama una mtoto, sema. Kama una deni au maradhi, sema. Aliyekukubali bila kukuona hajakukubali wewe. Na wewe binti, usione haya kutazama, kuondoka na kurudi. Kuuliza si kukosa heshima. Mzigo utakaoubeba ni mkubwa.

Katika Kitabu cha Mwanzo, nuru yaumbwa siku ya kwanza. Samaki waumbwa siku ya tano. Mungu hakuwaweka viumbe wake gizani kisha akawadai wachague vema. Aliwaandalia kwanza mwanga.

Tuombe. Ee Bwana, uliyetupa nuru kabla ya yote, utusamehe sisi tulionyamaza. Umfariji dada yule, na wote waliochagua katika maji machafu. Utupe ujasiri wa kusema ukweli kwa wakati wake na kwa upendo, ili watoto wetu waonane kama walivyo. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.